KODI YA NYUMBA NI BEI YA MANFAA
Mawaidha kwa Mwislamu Mwenye Nyumba ya Kupangisha

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake majumba yawe mahali pa kupumzika, akawaweka juu ya ardhi waiimarishe, akawabainishia halali na haramu katika kila wanalolichuma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume mwaminifu, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, katika mapato yapendwayo na watu wa pwani ni machache yanayoishinda kodi ya nyumba. Tangu Lamu hata Kilwa, na Unguja na Pemba, mtu akijaaliwa kupata kitu, aghlabu neno lake la kwanza ni kuwa atajenga nyumba apangishe. Husema ya kwamba biashara huanguka, na chombo huzama, na mikarafuu hukauka, lakini nyumba humlisha mwenyewe naye yu kitandani. Neno hili si baya. Sharia haikumkataza mtu kujenga wala kupangisha, bali imeifanya ijara kuwa mlango wa halali, na wanavyuoni wameiandikia milango mizima katika vitabu vyao.

Walakini wengi wetu tumeuingia mlango huu bila ya kujua masharti yake. Mwenye nyumba hudhani kwamba kodi ni haki yake kwa sababu nyumba ni mali yake, basi. Akishadhani hivyo, hupokea kodi na paa linavuja. Huingia chumbani kwa mpangaji bila ya hodi. Hula peke yake kodi ya nyumba aliyoiacha baba yao wote. Kisha huenda msikitini akasimama safu ya mbele. Dhana hiyo moja ndiyo mzizi wa dhulma nyingi, na kijitabu hiki kimeandikwa ili kuung'oa.

FASILI YA KWANZA
Kodi ni bei ya kitu gani

Jua, ewe ndugu, ya kwamba ijara ni namna ya bei. Muuza samaki huuza samaki mwenyewe, na mwenye nyumba huuza manfaa ya nyumba, nayo ni kukaa humo kwa muda unaojulikana. Nyumba yenyewe imebaki kuwa milki yako, lakini manfaa yake ya muda ule umekwisha kuyauza, nayo sasa ni mali ya mwenzio. Basi kodi si zawadi ya kumiliki. Ni thamani ya manfaa, na asiyeyatoa manfaa hana thamani ya kudai. Muuza samaki akipokea fedha kisha akatoa kikapu kitupu, sote tutamwita mwizi. Mwenye nyumba apokeaye kodi ya chumba kisichokalika, tumwite nani?

Ijara ina asili katika Kitabu na Sunna. Katika Sura ya Al-Qasas Mwenyezi Mungu ametusimulia mapatano ya Nabii Musa na mzee wa Madyana, na muda ukatajwa kwa hesabu: miaka 8, na akiitimiza 10 ni hisani yake. Na katika Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr walimwajiri kiongozi wa njia kwa ujira wakapatana naye mahali na siku ya kukutana, kama alivyopokea Imamu Bukhari. Utaona katika yote mawili hapana neno lililoachwa gizani.

Kwa hiyo masharti yake ni haya: nyumba au chumba kijulikane kwa kuonwa, muda ujulikane, kodi ijulikane, na wote wawili waridhie. Sharti la muda ndilo tunalolipuuza mno. Wengi hupangisha kwa kusema tu kuwa kila mwezi ni kadha wa kadha, bila ya kutaja mwisho. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuisahihisha ijara ya namna hii, kwa kuwa muda wake haujulikani, ingawa maimamu wengine wameilegeza. Njia ya salama ni nyepesi: mwambie mpangaji kuwa ni miezi 6 au miezi 12, na muda ukiisha mfunge mkataba mpya.

Kisha andikeni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara tuandike deni la muda na tuweke mashahidi, nayo ni aya ndefu kupita aya zote za Kurani. Huoni kwamba urefu huo una hekima yake? Karatasi moja yenye jina la mpangaji, idadi ya vyumba, kiasi cha kodi, siku ya kuanza na siku ya kwisha, na saini za watu wawili, huokoa udugu ambao maneno matupu huuvunja. Na kila upokeapo kodi toa stakabadhi, hata kama mpangaji ni mtoto wa ami yako.

FASILI YA PILI
Matengenezo ni juu ya nani

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameieleza masala hii katika Minhaji, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma kwa masheikh wao kwa vizazi vingi. Khulasa yake ni hii: ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, kuitengeneza nyumba ni juu ya mwenye nyumba, akiharakisha kuitengeneza, mpangaji hana neno, asipoitengeneza, mpangaji ana khiari ya kuivunja ijara. Ama kufagia uwanja na kuondoa taka, hayo ni juu ya mpangaji. Na nyumba ikianguka, ijara imevunjika, na kodi ya siku zilizobaki haidaiwi. Ikiwa ilikwisha kulipwa hurejeshwa.

Tazama jinsi hukumu hizi zinavyofuata asili tuliyoitaja. Umeuza makao. Boriti ikioza, bati likitoboka, choo kikijaa, kisima kikibomoka, makao hayo yamepungua, na ni juu yako kuyatimiza. Usimwambie mpangaji kuwa akitaka ajitengenezee mwenyewe, kisha mwisho wa mwezi ukamdai kodi kamili. Na akitengeneza kwa idhini yako na kwa sharti la kurejeshewa, fedha yake ni deni juu yako. Mkiafikiana aikate katika kodi, iandikeni.

Na hapa pana nasaha ya dunia kwa mwenye kujenga apate pato. Wengi huhesabu kodi yote kuwa faida, wakaila yote, na masika yanapokuja hawana hata senti ya kununulia bati. Nyumba zetu za mawe na chokaa hazisimami kwa dua peke yake. Maji yakipenya darini mwaka huu, mwaka wa tatu boriti huoza, na mwaka wa tano ukuta hupasuka. Mtu mwenye akili hutenga fungu la matengenezo kabla ya kutia mkono mfukoni, na huhesabu kwamba katika mwaka kuna miezi ambayo chumba kitakuwa kitupu. Nyumba isiyoweza kujitengeneza kwa kodi yake basi mwenyewe anaila nyumba kidogo kidogo, naye adhani anakula matunda yake.

FASILI YA TATU
Ukishapangisha, mlango si wako

Katika Sura ya An-Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tubishe hodi na tuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Baadhi ya watu husema: Nyumba ni yangu, nibishe hodi kwa nani? Jawabu ni kwamba umeuza kukaa humo, na mwenye kukaa ndiye mwenye hodi. Milki yako iko katika mawe na ardhi. Stara iliyo ndani ni ya mpangaji.

Basi si halali kuingia kwa ufunguo wa pili hali mpangaji hayupo, ila kwa idhini yake au kwa dharura kama moto. Si halali kuwafikia wanawake wa nyumba ile kwa kisingizio cha kudai kodi, na mume yu safarini au yu baharini. Kama kodi imechelewa, mwite mwanamume mskitini au barazani, au mpelekee mtu mzima mwenye haya. Na ikiwa mpangaji ni mjane, mpelekee mwanamke wa nyumbani kwako. Wako wenye nyumba ambao wametumia kodi kuwa kamba ya kumvutia mwanamke asiyekuwa na kitu. Huyo dhambi zake ni mbili, na Mola aliye juu ya dari yake aona.

Wala si halali kung'oa mlango, au kuezua bati, au kukata maji na umeme ili mpangaji atoke. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuruana, kama ilivyopokewa na Imamu Malik na Ibn Majah. Kama una haki, nenda kwa kadhi au mahakamani ukaidai. Ukiichukua kwa dhara, umeichafua haki yako mwenyewe.

FASILI YA NNE
Mpangaji aliyeshindwa, na kupandisha kodi

Wapangaji wasiolipa ni wa namna mbili, na hukumu yao si moja. Wa kwanza anacho, naye hukuzungusha leo na kesho. Huyo ni dhalimu, na Mtume (S.A.W.) amekwisha kueleza katika hadithi iliyo sahihi ya kuwa kuchelewesha kwa tajiri ni dhulma. Mdai kwa nguvu ya sharia, na muda ukiisha mtoe. Mpangaji naye na ajue kwamba kukaa katika nyumba ya mtu baada ya muda kwisha, na mwenyewe hakuridhia, ni kunyang'anya, na sala isaliwayo katika mahali pa kunyang'anya wanavyuoni wameiandikia maneno mazito.

Wa pili ameshindwa kweli: ameachishwa kazi, au ameugua, au bahari imekaa vibaya miezi miwili. Juu ya huyu Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara tumpe muhula mpaka apate wepesi, na akatujulisha kwamba kumsamehe ni kheri zaidi kwetu. Na wamepokea Bukhari na Muslim khabari ya mfanya biashara aliyekuwa akiwakopesha watu, na kila alipomwona mtu amefilisika aliwaambia vijana wake wamsamehe, kwa kutumai kwamba Mungu naye atamsamehe. Na Mungu akamsamehe. Muhula si kusema kwamba umefungwa milele. Deni lililopita litangoja, na muda ukiisha una haki ya kutofunga mkataba mwingine. Lakini kumtoa mgonjwa na watoto wake barazani usiku wa mvua kwa kodi ya mwezi mmoja, hilo lisingefanywa na mtu aliyeisoma aya ile akaifahamu.

Ama kupandisha kodi, ndani ya muda mliopatana haijuzu hata kwa shilingi moja, kwa kuwa mmekwisha kufunga akdi, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzo wa Sura ya Al-Maida tutimize akdi. Muda ukiisha, mapatano ni mapya. Mtume (S.A.W.) aliombwa awawekee watu bei za vitu naye akajizuia, akachelea kukutana na Mola wake na mtu amdai dhulma. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye nyumba analazimishwa kodi ya chini. Twasema kwamba halali ina daraja, na ihsani ni daraja ya juu.

Na ukali usio na ihsani una mwisho wake hapa hapa duniani. Katika mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, katika mji wa Unguja, waligoma kulipa kodi za viwanja vilivyobeba nyumba zao. Nyumba zilikuwa zao, walizijenga kwa jasho lao. Ardhi ilikuwa ya wengine, na kodi zake zilikuwa zimepanda juu ya uwezo wao. Miongoni mwa wenye ardhi walikuwamo Waislamu, na walio wengi katika wakaaji walikuwa Waislamu. Watu wakakamatwa, fitina ikawaka, hata serikali ya Wakoloni ikalazimika kutoa sheria ya kuzuia kodi za viwanja. Jambo ambalo lingeamuliwa barazani kwa salamu na hesabu liliamuliwa kwa polisi. Na kwa kuwa mpaka leo huko Mombasa na kwingineko wako wenye nyumba juu ya ardhi isiyo yao, khabari hii haijawa ya kale.

FASILI YA TANO
Nyumba ya mirathi

Sasa tumefikia palipo na kidonda, na tunawaomba ndugu zetu wasome kwa moyo wa uadilifu. Baba hufa akaacha nyumba ya kupangisha. Mtoto wa kiume mkubwa huchukua funguo, huwaambia wapangaji kuwa kodi waipeleke kwake, na tangu siku hiyo nyumba huwa yake kwa vitendo. Mama hupewa kitoweo. Dada walioolewa hupewa kanga siku ya Idi. Miaka hupita 10, hupita 20, na hapana mtu aliyegawa, wala aliyehesabu.

Na tuhesabu basi. Tuseme marehemu ameacha mke mmoja, wana wa kiume 2 na binti 3, na nyumba ya vyumba 6. Deni na wasia zimekwisha kutolewa. Mke ana thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Yaliyobaki ni mafungu 7, nayo ni ya watoto, mwanamume kwa fungu la wanawake wawili. Kila mwana wa kiume ana mafungu 2, na kila binti ana fungu 1. Tuseme tena kwamba kodi ya vyumba vyote, ukiisha kutoa matengenezo na ushuru wa serikali, imebaki shilingi 24,000 kwa mwezi. Haki ya mama ni 3,000. Haki ya kila binti ni 3,000. Haki ya kila mwana wa kiume ni 6,000. Hesabu imetimia.

Kaka aliyeshika funguo akila zote 24,000, amekula 6,000 zake na 18,000 za watu. Kwa mwaka mmoja amekula 216,000 zisizo zake. Kwa miaka 10 ni 2,160,000. Kisha mtu huyu hutoa sadaka ya tende mwezi wa Ramadhani, akashukuriwa! Ewe ndugu, tende zile ni za mama yako na dada zako. Umewapa watu mali ya mtu asiyekuridhia, na thawabu waitaka wewe.

Husema wengine: Dada zangu wana waume wa kuwalisha. Mwenyezi Mungu alipowapa fungu katika Sura ya An-Nisaa hakuwapa kwa sharti ya kuwa hawana waume. Husema: Mimi ndiye nisimamiaye, napata taabu. Ikiwa wapata taabu, mwombe kila mwenye fungu akupe ujira wa kusimamia, mpatane kwa kiasi kinachojulikana. Taabu haigeuzi fungu la mtu kuwa lako. Husema: Wao wenyewe wameridhia, hawajanena neno. Kunyamaa kwao ni kwa haya, na kwa kuchelea kuambiwa kwamba wamempeleka kaka yao kwa kadhi. Na mali iliyotolewa kwa haya, bila ya moyo kuridhia, wanavyuoni hawakuihalalisha. Ukitaka kujua kama wameridhia, waite wote, wawekee hesabu mbele yao, mpe kila mmoja fungu lake mkononi, kisha utazame ni nani atakayekurudishia.

Na ikiwa ndani ya warithi mna yatima, khofu na izidi, kwani aya ya 10 ya Sura ya An-Nisaa imewaonya wale walao mali ya mayatima kwa dhulma ya kwamba wanakula moto matumboni mwao. Na itazame Sunna: kiwanja ulipojengwa Msikiti wa Mtume huko Madina kilikuwa cha mayatima wawili. Wao walitaka kumpa bure, naye (S.A.W.) akakataa mpaka akakinunua kwao. Ikiwa Mtume wa Mungu hakukubali ardhi ya yatima bila ya thamani hata kwa kujenga nyumba ya Mungu, wewe waila kodi ya yatima kwa kujenga nyumba ya nani?

Dawa yake ni moja. Nyumba igawiwe mapema, kabla ya vizazi kuongezeka. Ikiwa haigawiki, iuzwe wagawane thamani, au mmoja awanunulie wenzake mafungu yao kwa bei ya haki. Na kama wamependa kuiacha shirika, pawe na daftari la kodi, na kila mwezi kila mwenye fungu apate lake. Naye mrithi akaaye humo peke yake bila ya ridhaa ya wenzake yu juu yake ujira wa mfano kwa mafungu yao.

FASILI YA SITA
Nyumba ya wakfu

Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake, haiuzwi, haipawi mtu, wala hairithiwi. Na Umar akaruhusu msimamizi ale kwa wema bila ya kujitajirisha. Kwa mfano huu wazee wetu wa Mombasa, Lamu, Unguja na kwingineko waliwakifu majumba, ili kodi zake ziwashe taa za misikiti na ziwalishe jamaa na maskini. Kwa pwani ya Kenya sheria ya Tume ya Wakfu iliwekwa tangu mwaka 1900.

Nadhiri wa wakfu hapangishi kama apendavyo. Mtu aweza kuipangisha nyumba yake mwenyewe kwa rafiki kwa shilingi moja. Nyumba ya wakfu haipangishwi chini ya ujira wa mfano, kwa kuwa kinachopunguzwa si chake. Na wako wapangaji wa wakfu walipao kodi ya tangu zama za babu zao, kisha wao huwapangisha watu wengine chumba kimoja kimoja kwa bei ya soko, wakaweka tofauti mfukoni. Kisha msikiti unapokosa mkeka, wao ndio wa kwanza kusema kwamba Waislamu wa siku hizi hawajali dini! Tofauti ile ndiyo mkeka wenyewe.

FASILI YA SABA
Kodi iliyovaa nguo ya riba

Katika karne ya 19 palienea hapa pwani, na katika Omani, bei iliyoitwa bei ya khiari. Mwenye nyumba au shamba alihitaji fedha. Mwenye fedha hakutaka kuonekana akila riba. Wakaandikiana kwamba huyu amemuuzia yule nyumba kwa fedha kadha, na ana khiari ya kuirejesha akilipa fedha ile katika muda fulani. Kisha mnunuzi akampangisha muuzaji nyumba ile ile, naye asihame hata siku moja, akalipa kodi kila muda mpaka atakaporejesha fedha. Waraka ulisema bei na ijara. Lakini hapana nyumba iliyohama. Fedha ilikopwa, na kodi ilikuwa ziada juu ya mkopo. Wengi walishindwa kurejesha, nyumba zikawatoka.

Katika madhehebu ya Shafi khiari ya sharti haipiti siku 3, sembuse miaka. Na Baraza la Fikihi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilikata kwamba bei ya namna hii, ambayo kwa Kiarabu yaitwa bei ya wafaa, haijuzu, kwa kuwa kweli yake ni mkopo uliovuta manfaa.

Basi jihadhari na nguo zake mpya. Mtu akimkopesha mwenzake fedha na kuchukua nyumba rahani, kisha mkopeshaji akaipangisha na kuila kodi mpaka alipwe, kodi ile ni riba. Manfaa ya rahani ni ya mwenye kuweka. Na ajengaye majumba kwa mkopo wa riba, akasema kuwa kodi italipa riba, amewafanya wapangaji wake kuwa wachukuzi wa mzigo wa haramu. Chumba kimoja cha halali, kijengwacho kidogo kidogo, kina baraka kuliko ghorofa ambayo kila jiwe lake lina mdai. Mkiwa hamna uwezo, shirikianeni: wanne watoe fedha, wajenge pamoja, wagawane kodi kwa kadiri ya mafungu.

MASWALI NA MAJAWABU

Swali: Yajuzu kudai kodi ya mwaka mzima mbele?
Jawabu: Yajuzu mkipatana. Lakini nyumba ikianguka au ijara ikivunjika kwa haki, siku zisizokaliwa hurejeshwa fedha yake. Na kumhurumia asiyeweza ni bora.

Swali: Na kilemba, ile fedha itolewayo mwanzo mbali na kodi?
Jawabu: Baraza lile la Fikihi katika mwaka 1988 liliijuzisha kwa mwenye nyumba ikiwa yahesabiwa kuwa ni sehemu ya kodi ya muda uliotajwa, na ijara ikivunjika ifuate hukumu za kodi. Ama mpangaji ambaye muda wake umekwisha, hana haki ya kumdai mwenye nyumba kilemba ili atoke.

Swali: Fedha ya dhamana niliyoiweka kwa mwenye nyumba, yeye aikata kwa kuwa rangi imechakaa.
Jawabu: Mpangaji ni mwaminiwa. Halipi kilichochakaa kwa kukaliwa kama ada. Hulipa alichokiharibu kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Kilichobaki arejeshewe.

Swali: Mita ya umeme ni moja, nami ndiye nigawaye gharama kwa wapangaji.
Jawabu: Wagawie kwa uadilifu na uwaonyeshe hesabu. Ukichukua zaidi kwa kuficha, umeingia katika wale walioonywa mwanzo wa Sura ya Al-Mutaffifin.

Swali: Yajuzu kumpangisha asiyekuwa Mwislamu?
Jawabu: Yajuzu kwa kukaa au kwa biashara ya halali. Ama kupangisha kwa yule ujuaye kwamba atauza ulevi, au atachezesha kamari, au atafanya danguro, haijuzu, hata akiwa Mwislamu mwenye kilemba kichwani na kodi yake ikiwa maradufu.

Swali: Je, nyumba ya kupangisha ina zaka?
Jawabu: Nyumba yenyewe haina zaka. Zaka iko katika kodi ibakiayo mkononi ikifika nisabu, nayo ni thamani ya dhahabu gramu 85, na ikipitiwa na mwaka wa Hijra. Kiasi chake ni robo ya ushuri, yaani shilingi 1 katika kila 40. Hivi ndivyo lilivyokata Baraza la Fikihi huko Jeddah mwaka 1985.

KHATIMA

Ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametujulisha kwamba mwenye kudhulumu ardhi kiasi cha shubiri moja atavikwa shingoni kutoka ardhi saba siku ya Kiyama. Ikiwa shubiri moja ni mzigo huo, chumba ni mzigo gani? Na nyumba nzima ya mayatima je?

Basi kila mwenye nyumba na aketi usiku mmoja na daftari lake, ajiulize maneno manne. Je, manfaa niliyoyauza nimeyatoa kamili? Je, mpangaji wangu ana amani nyuma ya mlango wake? Je, kodi hii ni yangu peke yangu, au wako wenye mafungu ambao sijawapa? Je, mtaji wake umetoka katika halali? Akijiona salama, na amshukuru Mola wake. Akiona deni, na alipe angali hai, kwani kesho atalipa kwa mema yake, na mema hayana bei ya soko. Hesabu ya duniani, hata ikiwa ya mamilioni, huwezekana kuilipa kwa mafungu. Wala hapana dada atakayekataa kumpokea kaka yake ajapo na fungu la kwanza mkononi na uso wa kutaka radhi.

Sote hapa duniani ni wapangaji. Muda wetu umeandikwa, nasi hatuujui. Mwenye nyumba hatatuuliza tulijenga ghorofa ngapi, atatuuliza tulikaaje na wenzetu.

Ewe Mola wetu, tutoshelezee na halali yako tusiihitaji haramu yako. Zilainishe nyoyo za wenye kudai, na uwakunjulie riziki wenye kudaiwa. Warehemu wazee wetu waliotuachia majumba, wala usiyafanye majumba yao kuwa sababu ya wana wao kukatana udugu. Na utujaalie makao katika nyumba isiyo na kodi wala kuhama. Amin.

Wallahu aalam. Wasalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.